Mama Staa, Mwachie Mtoto Mkasi: Ishu ya Wadudu wa Karatasi Imewagawa Watu

Wiki hii mjini stori si penzi lililovunjika wala gari jipya. Ni kipepeo. Tena kipepeo wa karatasi.

Mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa, yule ambaye akiposti hata kikombe cha chai watu wanauliza kikombe kimenunuliwa duka gani, aliweka video yake na bintiye wa miaka mitano wakitengeneza wadudu wa karatasi sebuleni. Meza nyeupe, mwanga mzuri, muziki laini kwa nyuma, mama na mwana wamevaa sare. Mwisho wa video vitu vinapangwa mezani kimoja kimoja: kipepeo wa zambarau mwenye mabawa yaliyokatwa kwa ustadi wa fundi wa kadi za harusi, nyuki mwenye milia iliyonyooka kama imepigwa rula, na buibui mweusi anayening'inia kwenye uzi wa fedha. Chini yake maneno: "Kazi ya mikono ya binti yangu. Mungu ni mwema."

Laiki zikamiminika. Mioyo, makofi, "mama bora", "nikiolewa na mimi nitakuwa hivi". Siku ikaisha vizuri.

Kesho yake mtu mmoja mwenye muda wake akairudisha video taratibu. Kwenye sekunde kama ya ishirini hivi, mtoto ananyoosha mkono kuchukua mkasi. Mkono wa mama unaingia, unausogeza mkasi pembeni. Ukiongeza sauti unasikia kabisa: "Acha mama, utaharibu." Mtoto anarudisha mkono mapajani na kukaa kimya. Video inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Halafu akaonekana mkono wa tatu. Mama ana kucha ndefu za rangi ya divai, zile ambazo kukata duara dogo nazo ni mtihani. Mkono unaokata bawa la kipepeo hauna kucha wala rangi, na kwenye kiwiko kuna mkunjo wa kitenge ambacho si sare ya mtu yeyote pale mezani. Watu wakaunganisha nukta wenyewe. Kipepeo si kazi ya binti, si kazi ya mama. Ni kazi ya dada wa nyumbani, ambaye sura yake haipo na jina lake halipo.

Basi komenti zikagawanyika. Upande mmoja timu mama: "mwacheni, angalau anakaa na mwanae", "kontenti ni ajira", "nyie wa kwenu wanashinda na katuni mnasema nini?" Upande wa pili timu mtoto, wao hoja yao ilikuwa moja tu, ile sekunde ya ishirini.

Timu mtoto wana haki. Lakini sababu wengi waliyoitoa siyo yenyewe. Wengi walikasirika kwa sababu staa amedanganya. Ukweli ni kwamba mastaa kudanganya kwenye posti si habari, hata ngozi zao kwenye picha si zao. Kinachouma ni kidogo zaidi na kiko karibu zaidi na kila nyumba: neno "utaharibu". Kipepeo wa karatasi anaharibikaje? Karatasi yenyewe ni ya pesa ya vocha. Hakuna mteja anayesubiri. Hakuna harusi. Kitu pekee ambacho kingeharibika pale ni picha, na mtoto wa miaka mitano ameshajua kwamba picha ina thamani kuliko mkono wake.

Tena angalia kazi yenyewe, ukiacha uzuri. Yule nyuki mwenye milia ya rula ana miguu minne na mabawa mawili. Nyuki wa Mungu ana miguu sita na mabawa manne. Na buibui pale alikuwa amekaa kwenye kundi la "wadudu wetu" wakati darasani atafukuzwa, kwa sababu ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Sawa, Kiswahili cha mtaani kina huruma: kila kinachotambaa ni mdudu, buibui mdudu, nge mdudu, jongoo mdudu, ugonjwa usiojulikana nao mdudu. (Na yule mdudu wa kitimoto leo apumzike kidogo.) Ila kisayansi mdudu ana masharti yake: mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, miguu sita inayotokea kifuani, vipapasio viwili kichwani. Aliyekata kwa kuangalia picha ya mtandaoni hakuhesabu. Mtoto angehesabu, maana watoto wa umri ule wanahesabu kila kitu, mpaka ngazi, mpaka vifungo vya shati la mgeni.

Hapo ndipo inapofaa kumkumbuka mtu mwingine, mchekeshaji mmoja wa mitandaoni ambaye hana wafuasi hata robo ya yule dada. Miezi kadhaa nyuma aliposti mende. Mende wa boksi la sabuni, kapakwa rangi ya kahawia nusu, nusu nyingine bado unasoma maandishi ya sabuni. Gundi imevuja. Kichwa kimekaa upande. Na miguu ni tisa.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Mmoja akaandika kwamba huyo mende amepuliziwa dawa feki ya Kariakoo. Mwingine akauliza kama anakatiwa bima ya gari au ya pikipiki. Mtengenezaji, mtoto wa kiume wa miaka sita, aliulizwa na baba yake kwenye video ile ile, umeme ukiwa umekatika na baba kashika tochi ya simu: "Mbona miguu tisa?" Akajibu bila kufikiri: "Anakimbia slipa."

Sasa angalia baba alichofanya. Hakusema umekosea. Aliuliza tu mende wa kweli ana mingapi. Mtoto akasema hajui. Baba naye akasema hajui, na kwa jinsi alivyokuwa anakuna kichwa, huenda kweli alikuwa hajui. Wakaenda na tochi jikoni. Kesho yake ikaja posti ya maneno mawili: "Ni sita." Mtoto alikuwa amempata mende mfu nyuma ya jiko, akamgeuza kwa kijiti, akahesabu mara tatu. Alipoambiwa basi atoe ile mitatu ya ziada, akagoma. Akasema hiyo ni ya spea.

Mende yule wa boksi amefanya kazi ambayo wale watatu wa kwenye meza nyeupe hawakuifanya. Amemtoa mtoto kwenye kochi, amempeleka kwa mdudu wa kweli, amemrudisha na jibu alilolitafuta mwenyewe, na bado kamwachia nafasi ya kukataa kurekebisha kazi yake. Kwa boksi la sabuni!

Watoto wa mjini wanawajua wadudu kama maadui. Mbu ni wa neti na dawa ya kupuliza. Mende ni wa slipa. Sisimizi ni wa kufungia sukari kwenye kopo. Siafu ni kelele na maji ya moto. Mtoto wa ghorofani Kinondoni au Kilimani anaweza kufika darasa la tatu bila kumshika panzi, na kama kuna kipepeo kaingia dirishani, nyumba nzima inapiga kelele "mtoe huyo". Wazazi wao walikua tofauti. Walimfunga mbawakawa uzi mguuni wakamrusha kama helikopta (ukatili, ndiyo, ila ilikuwepo). Walikimbiza kerengende juu ya dimbwi. Walikinga kumbikumbi kwenye beseni chini ya taa mvua ikikatika. Waliambiwa wasimguse vunjajungu, ukimguse chombo kitakachofuata mkononi kitavunjika, na ndiyo maana jina lake likawa hilo. Na ukienda Bukoba msimu wa senene, hapo mdudu si adui hata kidogo, ni kitoweo, ni zawadi, ni kitu cha kumtumia ndugu aliyeko Dar kwenye kopo.

Mtoto wa ghorofani amebakiwa na karatasi. Haitoshi, lakini ni mlango. Ukimkalisha akatengeneza senene wa jalada la daftari la kijani, lazima atauliza mbona miguu ya nyuma ni mirefu. Ukimwambia atengeneze mbu, atataka kujua sindano inakaa wapi, na hapo mzazi ana dakika mbili za kumwambia kwamba anayenyonya damu ni mbu jike tu, na kwa nini neti isitobolewe kuwa goli la mpira. Inzi na mbu wana mabawa mawili, kipepeo na nyuki wana manne. Hayo maswali yanazaliwa mkononi, gundi ikiwa mbichi. Aliyekalishwa kutazama mtu mzima akikata haulizi kitu, anasubiri kuambiwa atabasamu.

Kuna watu watasema ni mambo ya kizungu, haya ya kukata kata karatasi na mtoto. Hapana jamani. Nani alifundishwa na Mzungu kutengeneza tiara kwa gazeti, njiti za ufagio na gundi ya ugali? Nani hakutengeneza gari la boksi lenye matairi ya vifuniko vya soda? Mpira wa makaratasi na kamba ulifundisha nchi nzima chandimu. Tofauti ni kwamba kazi zile zilifanyika nje, na watu wazima hawakuwepo. Hakuna mama aliyechukua tiara ya mwanae akasema lete nikutengenezee nzuri. Ilianguka, ikachanika, ukatengeneza nyingine. Mkono ulijifunza wenyewe.

Na kama ni kutaka ustadi wa kweli, wenye ustadi wapo na hata wao hawajifichi ugumu. Mmarekani Robert J. Lang alikuwa mwanafizikia, na mwaka 2001 aliacha ajira ili akunje karatasi kama kazi yake ya siku zote. Mwaka 1995 alikuwa ameshatoa kitabu kizima cha kukunja wadudu na jamaa zao. Karatasi moja, bila kukata, inatoka na miguu sita na vipapasio. Ugumu uko hapo hapo: mwili mdogo, vitu vyembamba vingi vinavyochomoza, na vyote vinatoka kwenye karatasi ile ile moja. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano akishindwa kumkunja mbawakawa, ajue yuko kwenye foleni moja na wanafizikia. Kwa upande mwingine kuna Eric Carle, aliyetoa mwaka 1969 kile kitabu cha kiwavi mwenye njaa ambacho nusu ya shule za chekechea duniani wanakijua. Picha zake ni karatasi laini alizozipaka rangi mwenyewe, akazikata, akazibandika. Ukiangalia vizuri michirizi ya brashi inaonekana. Hakuifuta. Watoto wanampenda hivyo hivyo.

Ishu imehamia mpaka shuleni, na huko ni nzito kuliko kwa mastaa. Kwa majirani Kenya, tangu mtaala wa CBC uanze kutumika rasmi mwaka 2019, malalamiko ya wazazi yamekuwa wimbo: mtoto anarudi jioni na taarifa ya mradi wa kesho asubuhi, mama katoka kazini, duka linafungwa, na anayekata na kubandika saa nne usiku ni mzazi huku mwanafunzi kalala. Tanzania nayo mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, vitendo vimeongezeka, na shule nyingi za kulipia zilikuwa na mchezo huo hata kabla. Mzazi mmoja wa Dar alisimulia kwenye mtandao kuhusu shule ya mwanae, ambayo jina lake alilihifadhi: ukuta wa "Wadudu Wetu" siku ya wazazi, vipepeo zaidi ya kumi na mbili wanaofanana kama mayai ya trei moja. Wote wametoka steshenari moja ya mtaani, unalipia, unachukua, unaandika jina la mtoto. Kipepeo wa mwanae, aliyemkata mwenyewe, bawa moja kubwa bawa moja dogo, alikuwa amebandikwa chini, karibu na ndoo ya takataka. Mtoto alipoulizwa yuko wapi wako, akaonyesha wa mtu mwingine.

Rudia hiyo sentensi. Mtoto alionyesha wa mtu mwingine.

Ni mambo madogo? Mtoto aliyemkana kipepeo wake akiwa na miaka sita, akifika ishirini ataposti picha za nyumba isiyo yake, na wale wale waliobandika vipepeo vya dukani watashangaa vijana wa siku hizi wanapenda kuigiza maisha. Inawezekana ni kukuza mambo. Lakini mazoea huanza mahali, na mkono uliosogezwa pembeni ni mahali.

Walimu wana uwezo wa kuimaliza hii kwa wiki moja: kazi ya wadudu ifanyike darasani, basi. Watasema darasa lina watoto wengi na mikasi mitatu. Kweli kabisa, kwenye shule za serikali hali ndiyo hiyo, na hakuna haja ya kujifanya haipo. Lakini karatasi inachanika kwa vidole. Kiwavi wa gazeti lililochanwa vipande na kubandikwa kwa uji wa unga anahitaji mkasi wa nini? Na kwa watoto wadogo kabisa, wa miaka miwili, mitatu, kuchana ndiyo kazi yenyewe, vidole vinapata nguvu ambayo baadaye itashika penseli.

Kwa wale wanaotaka kuanza Jumamosi hii, bila meza nyeupe, vitu vinavyofanya kazi ni vichache. Kipepeo rahisi kuliko wote: kunja karatasi katikati, fungua, mtoto aweke rangi upande mmoja tu, matone matone, kisha kunja tena na kukandamiza kwa kiganja. Ukifungua, bawa la pili limejichora lenyewe. Watoto wanapiga kelele kila mara, hata mara ya kumi. Hapo anajifunza ulinganifu bila kusikia hilo neno. Kuna mwingine wa viganja: mtoto anaweka mikono yake miwili kwenye karatasi, unamzungushia kalamu, viganja vinageuka kuwa mabawa. Huyo mwandikie tarehe nyuma na umtunze, mikono ile haitarudi udogo huo. Kiwavi ni vipande virefu vya gazeti vinavyogeuzwa pete na kuunganishwa, urefu wake ni uvumilivu wa mtoto. Mpe na jani la karatasi, maana kiwavi bila jani ni mfungwa. Na nyuki, jamani, miguu sita.

Gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito inatosha kwa karatasi. Usimpe mtoto gundi kali ile ya kubandikia viatu au ile ya tone moja, vidole vitashikana muishie hospitali. Mkasi uwe wa ncha butu. Tandika magazeti chini kwanza. Na kazi zilizobandikwa kwa unga zisilale sakafuni, asubuhi utakuta mende wa kweli amekuja kumtembelea wa boksi.

Kosa kubwa la wazazi wenye nia njema ni kurekebisha. Mtoto anabandika jicho tumboni, mama anasema "jicho linakaa hapa" na kulihamisha. Ukitaka alihamishe mwenyewe, uliza: "Huyu anaona kwa wapi?" Anaweza kusema anaona kwa tumbo. Mwache aone kwa tumbo. Keshokutwa akimwona panzi wa kweli mtamaliza mjadala.

Na wadudu si michezo tu, hapa ndipo baba wanaosema "mfundishe kitu cha maana" wanapokosea. Kule Amani, milima ya Usambara, Muheza, wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, kwa ajili ya maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, mpaka serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Pwani ya Kenya, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gede, mradi unaoitwa Kipepeo umekuwepo tangu 1993. Zanzibar, Pete, karibu na Jozani, kuna kituo cha vipepeo ambacho watalii wanalipia kiingilio. Watu hao wanajua kiwavi gani anakula jani gani, maana ukikosea jani anakufa na pesa inakufa naye. Yai, kiwavi, pupa, kipepeo: kwa mtoto wa mjini ni mstari wa kukariri kwa ajili ya mtihani, kwa familia za Amani ilikuwa ada ya shule. Hatua hizo nne mtoto anaweza kuzipanga kwenye sahani moja ya karatasi, robo robo, tambi mbichi ikiwa kiwavi na punje ya mchele ikiwa yai.

Turudi kwa timu mama, maana nao hawapaswi kupuuzwa. Ni kweli, kontenti ni ajira. Yule dada analisha watu wengi kwa simu yake, na hakuna dhambi mtu mzima kutengeneza kipepeo mzuri na kukionyesha. Angeandika "nimemtengenezea binti yangu", mjadala usingekuwepo. Au hata angemtaja aliyekata. Dada wa nyumbani mwenye mkono ule ana kipaji. Mwingine angepata wateja wa kadi na mapambo kwa posti moja tu ya bosi wake. Nyumba nyingi za mjini hii ndiyo hali: anayekaa chini na mtoto, anayemtafutia boksi, anayejua kwamba mtoto anapenda kimulimuli na anaogopa nondo, ni dada. Mama anaingia kwenye tukio la mwisho. Na wengi wanaomrushia staa mawe kwenye komenti, watoto wao saa hizo wanaangalia simu ya pili.

Kuhusu sura ya mtoto kuonekana kila siku kwenye akaunti ya watu milioni, hiyo ni mada ya siku nyingine. Kwa leo inatosha kusema kwamba kazi za karatasi zina faida moja ambayo watu hawaitumii: unaweza kuposti mdudu bila kuposti mtoto.

Taarifa za karibuni ni kwamba mwigizaji amefunga komenti kwenye ile video, hajaifuta. Meneja wake kaandika kwamba watu wana wivu. Mchekeshaji naye, ambaye hakuulizwa na mtu, kaposti mdudu mpya wa mwanae. Ni kumbikumbi, kwa madai ya mtengenezaji. Ana mabawa ya karatasi ya chapati bado yenye mafuta, mwanga unapita, na kusema kweli ukiyatazama dhidi ya taa yanafanana na yenyewe kuliko chochote kilichowahi kuuzwa steshenari.

Wazazi, makaka, mashangazi wa mjini, na madada wa nyumbani mnaosoma huku mtoto kalala: kama kuna mdudu wa ajabu ametengenezwa hapo nyumbani na mikono ya mtoto mwenyewe, piga picha uweke kwenye komenti hapo chini. Mtoto asionekane, mdudu tu. Andika umri wa fundi na jina alilompa mdudu wake. Miguu ya spea inaruhusiwa.